Finjani ya Tatu

Rasim alikuwa fundi wa mabati, na kama unakaa mjini kwetu Travnik, upande wa juu wa mto, basi yawezekana sana moshi wa jiko lako unapita kwenye bomba alilolikunja yeye. Alikuwa na miaka hamsini na saba, masikio makubwa, mikono yenye makovu madogo madogo ya mabati, na hakuwa na mke. Si kwamba hakutafutiwa. Dada yake Devla, anayekaa nyumba mbili chini yake kwenye kichochoro hicho hicho, alimletea wachumba mpaka miguu ikamuuma. Mmoja aliongea mno, mwingine alikuwa na mama, na wa mwisho aliingia tu akayatazama mapazia kwa jicho la kutaka kuyashusha. Basi mtaa ukakata tamaa. Ukamwachia mama yake amtunze, na mama alipofariki ukamwachia jiko.

Wala usimwonee huruma. Jioni za Rasim sisi majirani tulizijua, na wako waume za watu mtaani petu ambao wangetoa jino bila ganzi wapate moja tu. Akitoka kazini alivua viatu mlangoni, maana kwetu hata nyumba ikiwaka moto mtu huvua viatu kwanza ndipo aingie kuuzima. Alivaa soksi za sufu alizofumiwa na Devla, akachochea jiko, kisha akachukua kinu cha shaba cha kusagia kahawa, akakibana katikati ya magoti na kuanza kuzungusha. Hapo ndipo Pasha alipoamka.

Pasha alikuwa paka wa kijivu, mnene, mwenye doa jeupe kidevuni. Alilala kutwa juu ya ngozi ya kondoo ya marehemu mama, ubavuni mwa jiko, na akisikia kinu kinasaga alishuka pole pole, akaja kukaa juu ya mguu wa Rasim na kungoja haki yake. Kahawa ilichemka ndani ya dele dogo la shaba, povu likapanda, Rasim akanyanyua dele kabla povu halijamwagika. Akamimina. Akachovya pembe ya kipande cha sukari ndani ya finjani, akaing'ata, akapiga funda, akafumba macho. Kisha akachovya ncha ya kidole kwenye malai, yale mafuta ya juu ya maziwa, na kumpa Pasha, naye akakilamba mpaka kikawa safi.

Redio iliimba nyimbo za zamani za mapenzi, na Rasim alimsimulia paka mambo ya siku hiyo.

"Hebu fikiria, Pasha. Mtu na akili zake timamu kaweka bomba la moshi kichwa chini miguu juu. Halafu ananiuliza mimi kwa nini mke wake anakohoa."

Pasha alifumba jicho moja. Ulipopigwa muziki wa taarifa ya habari, Rasim aliinuka kupika kahawa nyingine, kwa sababu habari za nchi yetu hazimezeki koo likiwa kavu. Akanywa, akatukana kidogo wale waliostahili, akazima redio, akalala. Jioni ilikuwa ndiyo hiyo, hakuna kingine, na Rasim alikuwa na furaha kiasi kwamba alipanda kilima kurudi nyumbani huku akipiga mluzi, na kilima chetu si cha kupigia mluzi.

Doa lilikuwa moja tu. Paka hakuwa wake.

Alikuwa wa Bi Nura wa nyumba ya ng'ambo. Majira ya kuchipua, walipokuja kumpeleka hospitali, Bi Nura alimwomba Rasim ampe paka maziwa mpaka atakaporudi. Hakurudi, Mungu amrehemu. Paka akavuka kichochoro mwenyewe, akaichagua ile ngozi ya kondoo, na Rasim akamwita Pasha. Hakuna aliyeuliza kitu. Kisha, kiangazi kikielekea ukingoni, akaja mpwa wa Bi Nura kutoka Zenica kuirithi nyumba. Jina lake Zumreta, mjane, na kwa miaka mingi alikuwa mtangazaji wa mabasi kwenye kituo cha Zenica. Sasa alikuwa amestaafu, lakini sauti yake haikuwa na habari hiyo.

"Sultanaaa!" aliita kila jioni kutoka uani kwake. Njiwa waliruka kutoka paa la msikiti. "Sultanaaa!"

Juu ya ngozi ya kondoo, sikio moja la Pasha liligeuka. Rasim aliliona. Akaongeza sauti ya redio.

"Kuna mtu anaita mtu," alimwambia paka. "Hatumjui."

Jioni moja ya Oktoba, mvua ikinyesha na kinu kikiwa bado magotini, mlango ukagongwa. Rasim akafungua. Mbele yake alisimama mwanamke mfupi, mwavuli mkononi, macho ya kijani yasiyokuwa na mzaha.

"Jioni njema, jirani. Mimi ni Zumreta. Natafuta paka wa shangazi yangu. Watu wanasema..."

Hakumaliza. Alikuwa ameshamwona paka kwa kuchungulia juu ya bega la Rasim, maana Rasim alikuwa na bega la chini.

"Sultana!"

"Huyo ni Pasha," alisema Rasim.

"Pasha wa wapi? Ana doa jeupe kidevuni kama aliyelamba malai."

"Amelamba malai."

"Jirani, shangazi alinishika mkono akiwa kitandani akaniambia, mtunze Sultana wangu. Nimeita mpaka koo limekauka. Wewe hukusikia?"

"Redio," alisema Rasim, na masikio yale makubwa yakawaka moto. Halafu, kwa kuwa mtu aliyebanwa hujitetea kwa chochote, akaongeza, "Na huyo Sultana gani? Mgeuze umtazame vizuri, mama, kabla hujampa cheo cha kike."

Zumreta alivua viatu, akaingia, akamnyanyua paka, akamtazama pale panapotazamwa. Kisha akaangua kicheko cha kutetemesha vioo.

"Ah, shangazi! Miaka yote hiyo unamtafutia mume!"

Rasim hakucheka. Mwanamke huyu alikuja kumchukulia jioni zake zote kwa mkupuo mmoja, na alikuwa na haki. Angependa aondoke saa hiyo hiyo, bila paka. Lakini mtu ameshavua viatu, na kwetu aliyevua viatu hata akiwa adui hupikiwa kahawa. Akamtolea sapatu za kuvalia ndani za marehemu mama yake, akaweka dele jikoni.

Sasa, kahawa ya kwetu ina utaratibu wake, na mtoto huujua kabla hajajua kuhesabu. Finjani ya kwanza ni ya kukukaribisha. Ya pili ni ya mazungumzo, hiyo ndiyo ndefu, ndiyo yenye uvumi na umbea na siasa. Ya tatu ni ya kukufukuza. Ikiwekwa mbele yako ya tatu, mwenye nyumba amesema kila kitu bila kufungua mdomo: viatu vyako viko mlangoni. Wengine duniani humpa mgeni jembe siku ya tatu. Sisi hatuna subira hiyo.

Ya kwanza waliinywa wakibishana. Zumreta alidai urithi, Rasim alidai maziwa aliyommiminia paka tangu majira ya kuchipua. Paka alikaa katikati yao akijilamba mguu. Ya pili ilipofika, Rasim hakuelewa ilikuwaje, walikuwa wanazungumza juu ya Bi Nura na jinsi alivyokuwa akitia chumvi kwenye kahawa kwa kutokuona, na wageni wakanywa kwa adabu. Kisha Zumreta akaanza kutangaza mabasi.

"Abiria wa Sarajevo, basi lenu limechelewa kwa sababu dereva amechelewa. Dereva amechelewa kwa sababu anakula. Tunamwombea hamu nzuri ya kula, nanyi muwe na saburi."

"Hukuyasema hayo!"

"Niliyasema. Mkuu wa kituo alinikata mshahara wa siku moja. Abiria walinichangia."

Rasim alicheka. Alicheka mpaka Pasha akaruka kutoka kwenye ngozi na kuingia chini ya kabati, maana tangu ahamie nyumba ile hakuwahi kusikia sauti hiyo, na hakujua kama ni ya hatari. Paka alipotoka tena alimpita Rasim, akapanda mapajani mwa Zumreta. Hapo zamani wivu ungemla Rasim. Lakini sasa aliwatazama wote wawili kwenye mwanga wa jiko, mvua ikipiga kioo, akaona jioni yake haijapungua kitu. Imeongezeka.

"Nilikuwa nafikiri, jirani," alisema Zumreta huku akimkuna paka doa lake, "juu ya huyu paka wetu. Huenda ingekuwa vizuri zaidi kama..."

Redio ikapiga muziki wa taarifa ya habari.

Na miguu ya Rasim, Mungu aisamehe, ikasimama. Haikumwuliza. Ilikuwa imezoea hivyo jioni zote. Ikampeleka jikoni, mikono ikatia kahawa kwenye dele, povu likapanda, dele likanyanyuliwa, na kwa kuwa finjani zilikuwa mbili, akamimina mbili. Akaiweka moja mbele ya Zumreta kwa upole kabisa na kuketi asikilize habari.

Zumreta aliitazama finjani. Kisha akainywa mpaka chini, kama adabu inavyotaka, akasimama.

"Ahsante, jirani. Nimekaa sana."

"Aa, wapi, hata—"

"Njoo, Sultana. Jina utazoea." Akamkwapua paka, akavua sapatu za mama na kuzipanga sawasawa ukutani, akavaa viatu, akaufunga mlango bila kelele yoyote. Kwa mwanamke mwenye sauti kama ile, kimya kilikuwa kikali kuliko tusi.

Rasim alisimama katikati ya chumba na dele mkononi. Mtangazaji alikuwa anasema kitu juu ya bei ya umeme. Akazitazama finjani. Ya kwanza, ya pili.

"Mungu wangu," alisema. Ngozi ya kondoo ilikuwa bado na alama ya paka katikati.

Kesho yake Devla alileta pita, andazi la kuoka lenye viazi ndani, akamkuta kaka yake hajanyoa.

"Paka yuko wapi?"

Rasim akamwambia. Alimwambia akiwa ameangalia pita. Devla aliketi pole pole.

"Ulimpa ya tatu?"

"Ilikuwa ya habari."

"Ya habari!" Devla akajipiga mapaja. "Mimi nimezunguka mji huu na viatu vimekwisha visigino nikikutafutia mtu. Huyu kaja mwenyewe, kwa miguu yake, na mwavuli wake! Kakaa! Kacheka! Nilimsikia mpaka kwangu, nikamwambia mume wangu, sikiliza, Rasim anachekewa. Nawe ukamfukuza kwa kahawa?"

"Sikumfukuza."

"Basi nenda kamwambie."

"Nimwambie nini? Samahani, mama, miguu yangu haina akili? Atanicheka."

"Ndilo unalolitaka, mpumbavu wewe."

Hakwenda. Kiburi cha mtu mpole ni kibaya kuliko cha mkali, kwa sababu hakipigi kelele ukakijua. Jioni alivaa soksi, akachochea jiko, akasaga kahawa. Hakuna aliyekuja kukaa juu ya mguu wake. Alipiga funda moja, kahawa ilikuwa ile ile, ya duka lile lile, na haikuwa na ladha. Alichovya kidole kwenye malai kwa mazoea, akakikuta kiko hewani, akakilamba mwenyewe. Hapo alijisikia mpweke, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kulitaja neno hilo moyoni.

Kioo kikakwaruzwa.

Pasha alikuwa dirishani, ameloa chapachapa, amekasirika. Rasim alifungua karibu aling'oe dirisha. Paka akaruka ndani, akajikung'uta juu ya suruali yake, akaenda moja kwa moja kwenye ngozi ya kondoo na kujiviringisha pale pale penye alama. Alinukia moshi. Rasim alipiga magoti sakafuni, akaweka sikio lake kubwa ubavuni mwa paka, akasikiliza ule mngurumo wake. Furaha ilimjaa mpaka kooni. Amerudi mwenyewe! Nani anaweza kumlaumu mtu? Paka amechagua.

"Sultanaaa!"

Sauti ilivuka kichochoro. Sikio la Pasha likageuka. Mkono wa Rasim ukaenda kwenye redio, kama ulivyozoea, ukakishika kile kitufe cha sauti.

"Sultanaaa!" Safari hii sauti ilipasuka mwishoni, na mtangazaji hapasukiwi na sauti bure.

Rasim aliuondoa mkono. Akamfunga paka ndani ya sweta lake, akachukua bakuli la malai kwa kuwa kwetu mtu haendi kwa mtu mikono mitupu, akatoka mvuani. Alikumbuka viatu alipokwisha fika ng'ambo na soksi zikiwa zimeshakunywa maji.

Zumreta alifungua. Nyuma yake chumba kizima kilikuwa na ukungu wa moshi.

"Nimekuletea Sultana," alisema Rasim. Lile jina lilimtoka kwa shida. "Ni wako. Na hii malai ni yake, anapenda kwa ncha ya kidole, si kwenye sahani. Na ile kahawa haikuwa ya tatu. Ilikuwa ya habari. Mimi na yeye hunywa kahawa muziki wa habari ukipigwa, miguu husimama yenyewe. Sikutaka uondoke. Sikutaka hata kidogo."

Zumreta alimtazama kuanzia nywele mpaka soksi.

"Jirani, nimefanya kazi kituo cha basi maisha yangu yote. Kila aliyeachwa na basi ana kisa."

"Najua."

"Lakini hakuna aliyewahi kuja kunisimulia akiwa na soksi tupu." Mdomo ulianza kumcheza. "Jana nilitaka kukwambia paka abaki kwako, mimi niwe naja kumwona. Nyumba hii ina moshi, jiko la shangazi linatukohoza wote wawili. Ndipo ukaniwekea finjani."

Rasim alichungulia juu ya kichwa chake, akaliona bomba.

"Nani kaliweka lile? Liko kichwa chini miguu juu! Kesho asubuhi nitaligeuza. Lakini leo huwezi kukaa humu."

"Basi leo nitakaa wapi?" aliuliza Zumreta, na alikuwa ameshachukua mwavuli.

Finjani ya kwanza waliinywa kwa Rasim, mwenyewe akikausha miguu kwenye jiko. Ya pili ilikuwa ndefu. Walizungumza habari za mabomba, na mume wa Zumreta aliyekuwa akiimba vibaya harusini na haachi, na mama yake Rasim aliyetaka mapazia yasiguswe. Zumreta aliyatazama mapazia.

"Alikuwa na haki," alisema. "Mazuri."

Pasha alilala kati yao, miguu kwa mmoja, kichwa kwa mwingine, malai kidevuni. Kisha muziki wa habari ukapigwa.

Hakuna aliyejongea. Rasim alikamata kingo za kiti kwa mikono miwili. Dele lilikuwa pale jikoni, la moto, tayari. Alikuwa na hamu ya kahawa mpaka ulimi ukamwuma, na aliona Zumreta naye anaikodolea macho, lakini ni nani mwenye kuthubutu? Ya tatu ni ya tatu. Mababu waliihesabu hivyo, na huwezi kumwekea mtu finjani ya kumfukuza ukamwambia kwa mdomo akae.

"Basi," alisema Zumreta kwa sauti ndogo ambayo Rasim hakujua kama anayo, "mimi niende, kabla..."

"Toka," alisema Rasim.

"Unasemaje?"

"Vaa viatu, toka nje, nifunge mlango. Halafu ugonge."

Alimwangalia kama mtu anayeangalia ratiba iliyochapwa vibaya. Kisha akavua sapatu, akavaa viatu, akatoka. Rasim akafunga. Akasimama nyuma ya mlango na mkono kwenye kitasa, akangoja. Mlango haukugongwa. Alisikia hatua zikishuka ngazi. Alisikia mvua. Ameenda, akajisemea, safari hii nimemfukuza kwa mdomo kabisa.

Ndipo sauti ikapaa kutoka katikati ya kichochoro, safi, ya kituo kikuu, na nadhani waliisikia mpaka sokoni.

"Ndugu abiria! Tunawatangazia kuwasili kwa mgeni kutoka Zenica, kwa jirani Rasim, fundi mabati. Mgeni amechelewa kidogo. Mwenye nyumba anaombwa afungue mlango, kwani mgeni analowa!"

Madirisha yalifunguka kichochoro kizima. Dirisha la Devla lilitangulia yote.

"Fungua, mpumbavu wewe!" alipiga kelele. "Fungua kabla sijaja kufungua mimi!"

Rasim akafungua. Masikio yalikuwa yamemwiva, uso mzima unacheka.

"Karibu, jirani. Karibu ndani. Umetuletea baridi. Utakunywa kahawa?"

"Kidogo tu," alisema Zumreta akivua viatu. "Sikai sana."

Akavaa sapatu, akaketi, Pasha akarudi mapajani mwake kana kwamba hakuna aliyeinuka. Rasim akanyanyua dele kabla povu halijamwagika, akamimina mbili. Ilikuwa finjani ya kwanza.